Seli Kongwe na Majirani Zake

Mama mmoja wa upande wa Katwa, hapa Butembo, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, alikuja kuniona kwa ajili ya magoti yaliyovimba na kikohozi kilichokuwa kikimsumbua tangu msimu wa mvua uliotangulia. Alikuwa na miaka 52. Nilipofungua daftari ili niandike, alinitangulia: "Dokta, andika tu uzee, ndivyo walivyoniambia kule nilikotoka." Nikamjibu, "Mama, miaka 52 bado si uzee." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa kama si uzee, ni nini kinachonizeesha?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Wiki chache baadaye nilipita nyumbani kwake. Jiko lake ni chumba cha matofali mabichi kisicho na dirisha, chenye mbabula mbili za makala (majiko ya makaa) na mafiga ya kuni za mikaratusi. Buibui wa darini walikwisha kufa zamani, lakini utando wao ulikuwa bado unaning'inia, kila uzi umenenepa kwa masizi hadi kuwa kama kamba ya kiatu. Nilipougusa kwa kidole, ulikatika ukadondoka mezani bila kupeperuka, kwa uzito uliokuwa nao. Hapo ndipo mama huyo amepika kwa zaidi ya miaka 35.

Neno "uzee" hufunga mafaili mengi katika zahanati zetu, kuanzia Beni mpaka Lubero. Mgonjwa akishaambiwa ni uzee, hakuna tena anayetafuta chanzo. Ndiyo maana nataka kueleza kile ambacho elimu ya seli imegundua katika miaka hii sitini, kwa sababu kinagusa moja kwa moja jiko la mama yule, goti la msukuma chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo), mtoto wa Beni anayeugua malaria mara kwa mara, na wale waliopona Ebola.

Sisi madaktari wenyewe tulizoea kueleza kuzeeka kwa mfano wa chombo kinachochakaa. Chukudu likibebeshwa magunia ya viazi kila siku kutoka milimani, mpira wa gurudumu huisha, mbao hupasuka, na mwisho wake ni kuni. Mfano huu una ukweli wake, ila unaacha jambo kubwa nje. Ubao wa chukudu uliochakaa hauusemeshi ubao wa pembeni. Seli iliyochakaa huzisemesha jirani zake, usiku na mchana, na yale inayoyasema ndiyo yanayoharibu mtaa mzima.

Habari yenyewe inaanzia mwaka 1961, katika Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, Marekani. Wakati ule wanasayansi waliamini kwamba seli za mwili zikitunzwa vizuri ndani ya chupa zitagawanyika milele. Imani hiyo ilitokana na Alexis Carrel, daktari Mfaransa mwenye tuzo ya Nobel, aliyedai tangu mwaka 1912 kwamba seli za moyo wa kifaranga zilikuwa zinaendelea kuishi katika maabara yake bila kikomo. Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead wakaona mambo tofauti. Seli za kawaida za binadamu walizozilea ziligawanyika mara 50 hivi, kisha zikasimama. Ziliwekewa chakula kipya, zikahamishiwa chupa nyingine, hazikurudi kugawanyika. Na hazikufa. Seli ya namna hiyo ndiyo ninayoiita seli kongwe.

Sababu mojawapo ilikuja kufahamika baadaye. Kwenye ncha za kromosomu kuna vipande vya ulinzi viitwavyo telomea, ambavyo hupungua kila seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya jambo hilo. Telomea ikiwa fupi mno, seli huihesabu kuwa ni DNA iliyovunjika, nayo hujifunga breki kwa protini kama p53 na p16. Lakini si lazima seli ifike mwisho wa telomea ndipo ikongweke. Moshi, mionzi, sumu, virusi, jeni la saratani lililoamka, hata baadhi ya dawa za saratani, vyote vinaweza kuifunga breki hiyo siku yoyote, kwa mtu wa miaka 70 au wa miaka 17.

Nilipoziona seli hizi kwa mara ya kwanza kwenye hadubini, kilichonishangaza ni ukubwa wake. Seli changa za tishu unganishi ni nyembamba, zimepangana kama samaki kwenye kundi. Seli kongwe imetanuka na kulala bapa kama chapati, na ukitumia rangi maalumu iliyovumbuliwa mwaka 1995 inageuka kuwa ya buluu. Mtu angedhani inakaribia kufa, kumbe ina nguvu zake, inakula vizuri, na viwanda vyake vya ndani vinafanya kazi kupita kiasi.

Viwanda hivyo vinatengeneza nini? Aliyelijibu swali hili vizuri kuliko wengine ni Judith Campisi, mtafiti wa Taasisi ya Buck huko California, aliyefariki Januari 2024. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha orodha ya vitu ambavyo seli kongwe huvitema nje, na orodha ilikuwa ndefu ajabu. Kuna vijumbe vinavyoita askari wa kinga, kama interlukini-6 na interlukini-8. Kuna vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ile kamba inayoshikilia ngozi, mishipa na gegedu. Kuna vichocheo vya ukuaji vinavyoziambia seli za jirani zigawanyike. Vikitoka kwa pamoja na kwa muda mrefu, tishu hupata inflamesheni, yaani ule mchanganyiko wa kuvimba, joto, wekundu na maumivu, lakini ya chinichini, isiyo na homa wala usaha, ambayo mgonjwa hawezi kuionyesha kwa kidole.

Tazama goti. Gegedu ni tishu isiyo na damu, inayojijenga polepole sana. Seli chache zikikongweka ndani yake baada ya jeraha au mzigo wa miaka mingi, vimeng'enya vyake huanza kutafuna kolajeni iliyozizunguka. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwakata panya kano ya goti, wakaona seli kongwe zikijikusanya kwenye gegedu na kwenye utando wa kiungo. Walipoziondoa seli hizo, maumivu yalipungua na gegedu likaharibika kidogo kuliko lilivyotarajiwa. Kila ninapomwona kijana anayesukuma chukudu lenye magunia kwenye mteremko, goti moja likiwa limeegemea ubao ili kupunguza mwendo, nakumbuka utafiti ule. Wengi wao wana magoti ya wazee kabla ya kufika miaka 40.

Watu husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Seli kongwe haijaoza, iko hai, na hilo ndilo linaloipa nguvu ya kuambukiza hali yake. Mwaka 2018 kundi la Kliniki ya Mayo ya Marekani liliwadunga panya wachanga seli kongwe chache. Baada ya wiki kadhaa panya wale walitembea polepole na mshiko wao ukalegea, kama panya wazee. Kiasi kilichotosha kilikuwa seli kongwe moja kwa kila seli 7,000 hadi 15,000 za mwili. Tena baadhi ya seli za panya wenyewe, zilizokuwa na afya, ziligeuka kongwe kwa kukaa karibu na zile za kupandikizwa. Mimi hesabu hiyo huiwaza kwa mfano wa mji wetu. Ni kama mtu mmoja katika mtaa mzima wa watu elfu kumi, naye anatosha kuufanya mtaa wote usilale.

Mtu angeuliza, basi kwa nini Mungu aliuumba mwili wenye seli za namna hii? Jibu lipo kwenye vidonda. Mwaka 2014 kundi la Campisi lilionyesha kwamba panya akikatwa ngozi, ndani ya siku chache seli kongwe hutokea kwenye kidonda na kutema kichocheo cha ukuaji kiitwacho PDGF-AA, kinachoharakisha kuziba. Panya walionyimwa seli hizo walichelewa kupona. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine walizikuta seli za aina hii hata ndani ya kiinitete, zikisaidia viungo kuchukua umbo lake. Na breki yenyewe ni kinga kubwa dhidi ya saratani, kwa kuwa seli iliyoharibika DNA inazuiwa isizaane.

Butembo ni mji wa wajenzi, kwa hiyo msomaji atanielewa nikisema seli kongwe ni jukwaa la miti ya mikaratusi ambalo mafundi hulifunga mbele ya nyumba inayopigwa lipu. Bila jukwaa fundi hafiki juu. Lakini lipu ikikauka jukwaa hufunguliwa. Mwilini anayelifungua ni askari wa kinga, anayeitwa na vijumbe vilevile vya seli kongwe, anakuja, anaimeza, kazi imekwisha. Kasoro huanza jukwaa linapobaki. Kinga ikiwa imechoka, au majukwaa yakiwa yanafungwa upesi kuliko yanavyofunguliwa, miti hubaki imekandamiza ukuta, na ukuta wenyewe unaanza kumeguka.

Kwa watu wa Beni hili si jambo la vitabuni. Tangu Oktoba 2014, wodi za upasuaji za mji huo zimejaa majeraha ya panga na risasi ya watu waliovamiwa mashambani na vijijini. Nimewaona wagonjwa wawili wa umri mmoja, wenye kidonda cha upana mmoja, mmoja kimefunga ndani ya mwezi na mwingine kimekaa nusu mwaka kikitoa maji. Chakula, sukari ya damu na usafi vina sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Lakini vidonda sugu pia vimeonekana kuwa na seli kongwe nyingi, na maji yake yana vimeng'enya vinavyokata kolajeni mpya kabla haijashikamana. Kwa hiyo kidonda kile kile kilichoanza kwa kuhitaji seli kongwe huishia kuwa mateka wake.

Sasa nirudi jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Jinsi moshi unavyozeesha pafu imechunguzwa zaidi kwa wavuta sigara. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walikagua mapafu ya watu wenye emfisema, yaani ugonjwa unaobomoa vifuko vya hewa, wakakuta kwamba seli za kuta za vifuko vya hewa zilikuwa na alama nyingi za ukongwe, ikiwemo p16, kuliko za watu wasio na ugonjwa. Seli hizo haziwezi kugawanyika kuziba pengo, na papo hapo zinatema vitu vinavyokata nyuzi za pafu. Moshi wa kuni na makala una chembe laini na gesi zilezile zinazojeruhi DNA, na mwanamke wa Kivu huanza kuuvuta akiwa mgongoni mwa mama yake. Nani amewahi kumwandikia mama kama huyo kwamba amevuta moshi kwa miaka 35? Kwenye karatasi zetu tunauliza, "Unavuta sigara?" Anajibu hapana, nasi tunaendelea na swali linalofuata. Naona hilo ni kosa letu kubwa, na ni rahisi kulirekebisha kuanzia kesho asubuhi.

Malaria ni jambo jingine, na hapa miji yetu miwili inatofautiana. Butembo iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, kuna baridi, mbu ni wachache kidogo. Ukiteremka kilomita 54 hadi Beni unaingia kwenye joto la kakao na msitu, na malaria huko ni ya mwaka mzima. Wakati wa mlipuko wa Ebola, mwishoni mwa Novemba 2018, ilibidi kuendesha kampeni ya siku nne ya dawa za malaria na vyandarua kwa watu hadi 450,000 wa Beni, kwa sababu karibu nusu ya waliokuwa wakipelekwa kwenye vituo vya Ebola walikuwa na malaria peke yake.

Katika mwaka huohuo wa 2018, watafiti wa Karolinska, Sweden, walichapisha kazi iliyonigusa. Waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wasafiri waliorudi Stockholm wakiwa na malaria ya vimelea vya falsiparamu. Baada ya kutibiwa, telomea za seli zao za damu zilifupika na jeni linalotengeneza p16 likapanda, hasa kwenye mwezi wa tatu, ingawa mgonjwa alijiona mzima. Baada ya mwaka mambo yalirudi karibu na kawaida. Miaka mitatu kabla, baadhi ya watafiti haohao walikuwa wameona kwamba ndege wadogo wanaohama kati ya Ulaya na Afrika, wakibeba malaria sugu, telomea zao hufupika haraka na hufa mapema.

Msafiri wa Stockholm alipewa mwaka mzima bila mbu. Mtoto wa Beni hapewi. Kabla miezi yake mitatu haijaisha, anaumwa tena. Siwezi kuhamisha matokeo ya watu wa Sweden na kuyabandika kwa mtoto wa Beni kama yalivyo, maana naye hujijengea kinga ambayo Msweden hana. Lakini hoja ya muda inabaki. Mwili unahitaji nafasi ya kufungua majukwaa, na ugonjwa unaorudi haraka unaimaliza nafasi hiyo. Kwangu mimi hii inatosha kuongeza thamani ya chandarua. Kinazuia homa ya leo, na huenda pia kinayalinda magoti na moyo wa miaka arobaini ijayo.

Nimefika kwa watu walionisukuma kuandika. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola iliyokuwa imeanzia Mangina. Ilipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Zaidi ya watu 1,100 walipona, na hapa kwetu wanaitwa washindi. Jina hilo wanalistahili. Hata hivyo ushindi wao una maumivu: viungo vinauma, usingizi haushibishi, kumbukumbu inapotea, macho yanafanya ukungu. Wapo wenye miaka 30 wanaopanda ngazi kwa kushika ukuta.

Liberia imetupa picha iliyo wazi kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwalinganisha washindi 966 na watu 2,350 waliokuwa karibu nao bila kuugua. Karibu nusu ya washindi walikuwa na maumivu ya viungo, wakati kwa wenzao hawakufika mtu mmoja kati ya watano. Waliolalamika kupoteza kumbukumbu walikuwa asilimia 29 kwa washindi na asilimia 5 kwa wale wengine. Na robo ya washindi walikutwa na uvimbe wa tabaka za ndani za jicho, zaidi ya mara mbili ya majirani zao.

Kwa nini mwili uliomshinda adui uendelee kuumwa? Maelezo ya kwanza yana ushahidi mzito: kirusi chenyewe hujificha mahali ambapo askari wa kinga hawaingii kwa urahisi, kama jicho, ubongo na korodani. Huku kwetu tumeliona hili kwa uchungu. Mgonjwa mmoja aliyepona mwaka 2019 aliugua tena baada ya miezi sita, na mnyororo wa maambukizi uliotokana naye ukafikia watu 91. Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo, na uchunguzi wa jeni ukaonyesha kwamba kirusi kilikuwa kizazi cha mlipuko uliotangulia. Wagonjwa 12 walipatikana, 6 wakafa.

Maelezo ya pili ndiyo ninayotaka wenzangu wayape nafasi. Virusi vinaweza kuzifanya seli ziwe kongwe, kisha vyenyewe vikaondoka na seli zikabaki zikitema. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Berlin na Linz lilionyesha hivyo kwa kirusi cha Korona: seli zilizoambukizwa zilikongweka, zikatema vijumbe vya inflamesheni, na vijumbe hivyo vikachangia kuharibu mapafu na kugandisha damu. Walipowapa hamsta dawa za kuondoa seli kongwe, ugonjwa ulipungua. Ebola ni kirusi cha jamii nyingine kabisa, kwa hiyo sitamwambia mshindi yeyote kwamba maumivu yake ni ya seli kongwe. Ninachosema ni kwamba jambo hili linapimika. Damu yao inaweza kuchunguzwa kwa interlukini-6, kwa telomea, kwa p16 kwenye seli za kinga, na ikalinganishwa na ya ndugu zao wa nyumba moja.

Nchi yetu ina uwezo huo. Majaribio ya dawa za Ebola yaliyoanza Beni Novemba 2018, yaliyowahusisha wagonjwa 681 katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, yaliendeshwa katikati ya risasi, na yakaipatia dunia dawa mbili zilizoshusha vifo hadi karibu theluthi moja. Mojawapo, mAb114, ilitokana na kingamwili ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi iliyosukumwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe. Damu ya mtu huyo aliyepona ilichukuliwa miaka 11 baadaye, na seli za kumbukumbu zilikuwa bado zipo, tayari kutengeneza kingamwili ileile. Nikiutazama mwili wa mshindi kwa jicho hilo, naona seli za aina mbili zilizobaki baada ya vita, moja inayohifadhi dawa na nyingine inayoweza kuendeleza maumivu. Tumeifuata ya kwanza mpaka tukapata tiba. Ya pili inastahili bidii hiyohiyo, na Februari 2020 INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, ilifungua maabara yake Goma, pamoja na kuwepo kwa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichopo hapahapa Butembo.

Sasa dawa, maana najua ndilo swali la wengi. Mwaka 2011 kundi la Jan van Deursen, Kliniki ya Mayo, liliondoa seli kongwe katika panya waliobadilishwa jeni ili wazeeke haraka, na panya hao wakachelewa kupata mtoto wa jicho na kupungukiwa misuli. Mwaka 2015 yakaja mapendekezo ya dawa mbili kwa pamoja: dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani ya damu, na kwesetini, kemikali inayopatikana kwenye mimea mingi, vitunguu vikiwemo. Jaribio la kwanza kwa binadamu, mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 wenye makovu ya mapafu. Walitembea vizuri kidogo, lakini nguvu za mapafu zenyewe hazikubadilika, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2020 dawa iliyodungwa kwenye goti na kampuni ya UNITY ya California ilishindwa kuzidi sindano isiyo na dawa. Na mwaka huohuo watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kuziondoa seli kongwe fulani za mishipa ya ini la panya kulileta makovu na kuharibu afya, kwa sababu seli zile zilikuwa bado zinafanya kazi isiyo na mbadala.

Naeleza haya kirefu kwa kuwa sokoni kwetu wameanza kupita wauzaji wa chupa na vidonge vya "kusafisha seli zilizozeeka". Mama wa Katwa alikuwa amenunua chupa mbili, kwa pesa ambayo ingetosha bati na matofali ya kutengenezea bomba la moshi. Chupa zile hazikuwa na majina ya vilivyomo. Kwa leo hakuna dawa ya kuondoa seli kongwe iliyothibitishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu, iwe Butembo au Boston. Na vitunguu vinavyoteremshwa kutoka Lubero ni chakula kizuri, uvile kwa afya yako, lakini kiasi cha kwesetini kilichotumika kwenye majaribio, gramu moja na zaidi kwa siku pamoja na dawa ya saratani, hukipati kwenye sufuria.

Kinachowezekana hapa ni kupunguza majukwaa yanayofungwa. Kwa mama yule tulianza na ukuta. Mwanawe alitoboa dirisha upande wa upepo na shimo la kutolea moshi chini ya bati, na kuni sasa hukaushwa wiki tatu kabla ya kuwashwa. Anatembea nusu saa kila asubuhi kwa kasi inayovumiliwa na magoti, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hupunguza inflamesheni ya mwili. Kikohozi kimepungua. Magoti bado yanauma, nami sikumdanganya kwamba gegedu lililokwisha litarudi.

Kwa wenzangu wa vituo vya afya nina ombi lisilohitaji maabara. Mgonjwa wa miaka 40 kwenda juu, na kila aliyepona Ebola wa umri wowote, apimwe mambo mawili kila anapokuja: sekunde anazotumia kutembea mita nne, na sekunde anazotumia kuinuka kitini mara tano bila kushika kitu. Ziandikwe na tarehe. Daftari la namna hiyo likitunzwa miaka mitano litatuonyesha nani anazeeka kabla ya wakati wake, na mtafiti atakayekuja na vipimo vya damu atakuta mahali pa kuanzia. Na kwenye mstari wa sigara, ongezeni swali la jiko: kuni au makala, ndani au nje, kwa miaka mingapi.

Kwa washindi wa Beni, Butembo na Mangina, ninyi na jamaa zenu, nawaomba jambo moja la haraka. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likifanya ukungu, usingoje Jumatatu, usitie dawa ya jirani. Nenda siku hiyohiyo, umwambie daktari kwamba uliwahi kuugua Ebola. Uvimbe wa ndani ya jicho ukitibiwa mapema jicho huweza kupona, ukiachwa, huweza kupofusha.